Gudulia la Kijani

Nyumbani kwangu hakuna chupa ya siki. Mume wangu ameshauliza mara kadhaa, maana kwao kachumbari isiyo na siki si kachumbari, nami humkamulia ndimu na kumwambia ndivyo tulivyolelewa sisi watu wa delta. Si kweli. Siki naijua vizuri sana. Najua inavyochoma vidole vyenye mikwaruzo, inavyong'ang'ania kwenye nguo hata baada ya kufuliwa, na jinsi chumba chenye beseni la siki kinavyokuwa na ubaridi fulani wa puani hata jua likiwa kali nje. Chumba hicho kilikuwa Kibiti, nyuma ya duka la Bwana Nassoro, na kwa kipande fulani cha utoto wangu, labda mwaka, labda zaidi kidogo, nilikipenda kuliko mahali pengine popote.

Kabla ya Kibiti tulikuwa kisiwani, mimi, Mama na Bibi. Nasema kisiwa, lakini mgeni angeona matope na mikoko, nyumba chache za udongo, mashamba ya mpunga kwa nyuma, na mfereji ambao maji yakipwa mitumbwi inabaki imelala ubavu. Kwenda Nyamisati ilibidi kusubiri maji yajae. Baba yangu alikuwa mkata boriti, akafa mimi nikiwa bado wa kubebwa. Simkumbuki, na kwa kuwa simkumbuki sikujua kwamba nina pengo. Nilijua tu kwamba wenzangu walikuwa na mtu wa kukimbilia jioni, nami sina.

Chumbani kwa Bibi kulikuwa na kikapu kikubwa cha ukindu, na ndani ya kikapu, limezungushiwa kanga kuukuu, kulikuwa na gudulia. Lilikuwa la kauri, shingo nyembamba, tumbo la mviringo, na kimo chake kilikuwa kama mkono wangu wa wakati ule kutoka begani hadi kwenye vidole. Rangi yake sijawahi kuipatia jina. Ni kijani, lakini si kijani cha jani. Ni kama maji ya mfereji asubuhi, yametulia, na mikoko inajitazama ndani yake. Tumboni kulikuwa na maua yaliyochongwa chini ya ile rangi, huyaoni mpaka uligeuze kwenye mwanga, kisha yanakujia yote kwa mara moja. Bibi alisema lilitoka Uchina. Alisema hivyo kama mtu anavyosema mkeka huu umetoka Mafia, bila kuona ajabu yoyote. Alilipokea kwa bibi yake, naye alilipokea kwa bibi yake, na nyuma ya hapo hakuna aliyejua.

Kila mtoto aliyezaliwa kisiwani aliogeshwa mara ya kwanza kwa maji yaliyomiminwa kutoka kwenye gudulia lile. Kila mwali aliyetolewa ndani alimwagiwa maji yake mgongoni. Ikitokea kazi, Bi Tatu mkunga alikuja kupiga hodi, Bibi akalifungua, wakaenda nalo, na likirudi lilioshwa na kuanikwa mkekani uani. Mtu akimsifu Bibi kwa kuwa na kitu kizuri vile, alikasirika kidogo.

"Si langu," alikuwa akisema. "Mimi nalilaza tu."

Ndivyo Bwana Nassoro alivyoliona kwa mara ya kwanza: limeanikwa uani. Alikuwa mfanyabiashara wa ufuta na korosho, lakini biashara ile ilimlisha tu. Alichokipenda ni vitu vya kale. Alizunguka vijijini kuuliza nani ana mlango wa nakshi, taa ya shaba, sahani za mabibi, hata vigae vinavyofukuliwa na jembe. Siku hiyo aliletwa na mtumbwi kutoka Nyamisati, amevaa kanzu iliyotota matope miguuni, akasimama mbele ya Bibi kwa adabu.

"Shikamoo, Mama. Habari za hapa na..."

"Marahaba," Bibi alisema. "Habari za hapa na wapi?"

Alikuwa anatazama mkekani. Nakumbuka uso wake ulivyolegea, kama uso wa mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Lile, Mama, la nani?"

"La watoto wanaozaliwa."

"Nakuomba uniuzie."

"Utanunua uzazi, wewe mwanamume?" Bibi alimuuliza, na wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakaangua kicheko. Bwana Nassoro naye akacheka, tena cheko la kweli, mpaka akafuta macho. Hakushindana. Alikunywa maji, akauliza habari za mpunga, akaaga. Bibi akasema yule ni mtu mwenye heshima zake.

Akarudi. Alirudi tena na tena, kila mara na kitu mkononi: sukari, kanga ya Bibi, na kwangu mimi viatu vya plastiki vyekundu ambavyo nilivivaa hata kwenye matope nikipigiwa kelele nivivue. Alikaa barazani akiwa ameuelekea mlango, na kila Mama alipotoka alinyanyua macho. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua mwanamume akimtazama mwanamke vile maana yake nini, na mdogo mno kufahamu kwamba nyuma ya mlango ule hakukuwa na Mama peke yake. Nikamwambia Mama, "Anakutazama." Mama akanifinya shavu akisema niache upuuzi. Kesho yake akajipaka wanja.

Walifunga ndoa baada ya mavuno. Mke wa kwanza wa Bwana Nassoro alikuwa ameshafariki, na wanawe walikuwa watu wazima wanaoishi Dar es Salaam. Mama alilia wakati wa kupanda mtumbwi, lakini alikuwa akicheka chini ya kilio. Mimi sikulia hata chozi. Nilikuwa nimeshika mkono wa mtu ambaye tangu asubuhi nilikuwa nikijifunza kumwita Baba, kimya kimya, mdomoni tu.

Kibiti kulinishangaza kwa kelele. Honi za mabasi ya Kusini zilianza kabla ya adhana, na vumbi la barabarani liliingia mpaka kwenye sukari. Nyumba ilikuwa ya tofali, yenye umeme, na nyuma ya duka kulikuwa na kile chumba. Milango miwili mikubwa ya nakshi ilikuwa imeegemezwa ukutani bila kufungua popote. Kulikuwa na saa zisizotembea, sahani za buluu, koleo za shaba, sarafu ndani ya mitungi ya kioo, na kabati refu la vioo lililojaa vyombo, isipokuwa rafu ya katikati. Rafu ile ilikuwa tupu, imefutwa vumbi, imetandikwa kitambaa cheupe.

"Mbona hapa hapana kitu, Baba?" nilimuuliza.

"Pana mwenyewe. Bado hajafika."

Mama alikuwa ameshapata ujauzito. Nikajua ni rafu ya mtoto. Nikaenda kumwambia Mama kwamba Baba ameshamtengea mtoto mahali pa kuweka nguo zake, tena pazuri kuliko pote, na Mama akafurahi, akanikumbatia.

Sakafuni kulikuwa na beseni la siki, na ndani yake vigae vya kale alivyoletewa na wakulima, vimeganda chokaa na chumvi. Bwana Nassoro alinifundisha kuvitoa kimoja kimoja na kuvisugua kwa mswaki laini mpaka rangi itokee. Vingine vilikuwa vya buluu na nyeupe, vingine kahawia, na vichache vilikuwa kijani, ndugu wa gudulia letu. Hivyo vya kijani nilivijua kimoja kimoja kama mtu anavyojua mbuzi wake. Kimoja kilikuwa na mkia wa samaki. Kimoja kilikuwa ukingo wa bakuli, mnene, wenye mistari kama kucha. Alinifundisha kugonga chombo kwa kucha na kusikiliza, maana kauri nzuri hulia kama kengele ndogo iliyo mbali, na yenye ufa hukohoa.

Lakini si hayo yaliyonifunga kwake. Kilichonifunga ni kwamba aliniuliza. Alishika chombo kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Niambie unaona nini." Nikisema naona samaki, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Tazama tena." Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kusubiri jibu langu kwa muda mrefu hivyo. Aliwaambia wageni wake, "Huyu ndiye macho yangu," akiwa ameniwekea mkono kichwani, nami nilisimama wima mpaka shingo ikauma.

Mama alipokaribia kujifungua, Bibi alikuja. Alivuka na mtumbwi, akapanda gari Nyamisati, akafika Kibiti mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope, na kikapu cha ukindu hakikutoka mapajani pake njia nzima. Mdogo wangu Hamisi akazaliwa, Bibi akamuogesha kwa mikono yake kwa maji ya gudulia, na Bwana Nassoro akasimama mlangoni, mahali ambapo mwanamume hasimami, akitazama. Bibi alimfukuza kwa kanga. Nilidhani anamtazama mwanawe. Sote tulidhani hivyo.

Bibi alitaka kurudi mapema akawinge ndege kwenye mpunga. Asubuhi ya kuondoka alikuwa ameshalifunga gudulia kwenye kanga.

"Mama, mvua hii iliyoanza juzi imeiharibu barabara," Bwana Nassoro alimwambia. "Gari linarushwa kama mpira. Liache hapa, mvua ikikatika nitalileta mwenyewe, na mjukuu wako juu."

"Kisiwani wako wawili wanaokaribia, mkwe."

"Nitaliwahisha."

Bibi alilitazama, akatazama mbingu, akaniita. "Mke mwenza," alisema, maana ndivyo alivyonitania siku zote, "wewe ulitunze." Nikaitikia kwa fahari.

Siku hiyo hiyo gudulia likawekwa kwenye rafu ya katikati, juu ya kitambaa cheupe. Nilipoliona pale nilihisi furaha ambayo hata sasa inanitia aibu nikiikumbuka. Nilidhani Bwana Nassoro amempa Bibi yangu heshima ya juu kabisa, kukitoa chombo chake kwenye kikapu na kukiketisha kama mfalme. Alilizungusha polepole mpaka maua yakatokea. Akanong'ona kitu ambacho sikukisikia. Kisha akafunga kabati kwa ufunguo, na kabati lile halikuwa na kawaida ya kufungwa.

Mvua ikakatika. Barabara ikakauka, ikaanza tena kutoa vumbi. Kwa muda mrefu sikusikia chochote kuhusu safari ya kisiwani, mpaka mchana mmoja nikiwa nachambua dagaa jikoni nikamsikia Mama chumbani.

"Baba Hamisi, lile gudulia la Mama."

"Litapelekwa."

"Ulisema mvua ikikatika."

Nikasikia sauti ya Bwana Nassoro, ya upole ileile aliyokuwa akiniuliza ninaona nini: "Unataka kurudi nalo kwenu?"

Mama alitoka, akaja jikoni, akachukua ungo wa dagaa mkononi mwangu na kuanza kuchambua upya wale niliokwisha kuwachambua. Hakuliuliza tena gudulia, si siku hiyo, wala siku nyingine yoyote ninayoijua mimi.

Bibi alikuja mwenyewe kulifuata. Alifika mchana, jua kali, amebeba kikapu kitupu. Kisiwani kulikuwa na mwanamke aliyetarajia kujifungua siku yoyote. Bwana Nassoro alimpokea kwa bashasha, akamkalisha barazani, akaagiza soda baridi. Mama alitoka na Hamisi kifuani, akamsalimia, akakaa kizingitini. Mimi nilikaa mkekani nikijibana na goti la Bibi, nikisikia harufu ya moshi na mpunga kwenye kanga yake.

"Nimelifuata gudulia, mkwe," Bibi alisema.

Bwana Nassoro akainamisha kichwa. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na furushi la kitambaa. Alipiga magoti mbele ya Bibi, akalifungua. Vilikuwa vigae vya kijani.

"Nisamehe, Mama," alisema. "Nimekosa namna ya kukueleza. Limevunjika."

Nilivitazama. Mkia wa samaki ulikuwa pale. Ukingo wenye mistari kama kucha ulikuwa pale. Vyote nilivisugua kwa mkono wangu. Nilinyanyua uso nikimtazama, nikitabasamu tayari, maana niliona anamfanyia Bibi kama anavyonifanyia mimi. Anamwonyesha, atamwambia tazama tena, Bibi ataona samaki na kusema hili silo, kisha atacheka na kwenda kulileta gudulia zima. Nilikuwa nimebana pumzi kwa hamu ya mchezo ule.

"Nani amelivunja?" Bibi aliuliza.

"Mtoto," Bwana Nassoro alisema. "Alikuwa akilichezea. Lakini usimpige, Mama. Ni mtoto."

Akaniwekea mkono kichwani.

Nakumbuka uzito wa mkono ule. Nakumbuka kwamba hata hapo nilingoja kidogo, nikimpa nafasi ya kumaliza mchezo. Kisha nikasema, "Si lile, Bibi! Hivi ni vya kwenye beseni! Lile lipo kabatini, lipo zima!" Nikasimama nimshike Bibi mkono nimpeleke.

"Ana hofu," Bwana Nassoro alisema taratibu. "Tangu siku ile anasema hivyo hivyo."

"Mama!" nilimwita Mama. "Mwambie Bibi!"

Mama alikuwa amemshika Hamisi kwa mikono miwili. Midomo yake ilifunguka. Akamtazama mumewe, naye mumewe hakumtazama Mama, alimtazama Hamisi tu, kwa utulivu. Mama akavuta kanga akafunika uso wa mtoto kana kwamba kuna jua pale kivulini.

"Mtoto huyu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, "hajui kutulia."

Bibi alichukua kigae kimoja. Akapitisha kidole gumba ukingoni, huku na huku, kwa muda. Akakirudisha kwenye kitambaa. Bwana Nassoro alilifunga furushi, akasema vitu kama vile havitupwi, atavihifadhi. Kisha akasema huenda ingekuwa vyema mimi nikakae kisiwani kidogo, maana nyumba ile ina vyombo vingi na Mama ana kichanga. Alisema kwa huruma. Nilikuwa nimesimama palepale na alisema kama mtu anayezungumzia kuku.

Nikafungiwa nguo zangu. Mama hakunisindikiza hadi kituoni. Alibaki mlangoni, na nilipogeuka alikuwa ameshaingia.

Njiani nilimweleza Bibi kila kitu: rafu, ufunguo, samaki, beseni. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Gari lilikuwa likiruka kwenye mashimo na Bibi alikuwa amekumbatia kikapu kitupu kama ndani kuna kitu. "Nyamaza, mke mwenza," alisema kila nilipovuta pumzi. Hakusema naamini, wala siamini.

Watu wa kisiwani hawakunitesa. Ningekuwa mwongo nikisema walinitesa. Walinisogezea vyombo mbali tu. Nikienda nyumba ya mtu wakinipa maji, mmoja alisema, "Mpe kile cha plastiki." Yule mwanamke aliyekuwa akisubiri siku yake alijifungua, mtoto akaogeshwa kwa kata, na haikupita juma mtoto akafa. Watoto walikuwa wakifa siku zile, kila mmoja alijua. Hakuna aliyesema neno. Lakini mama yake, tulipokutana njia ya kisimani, alishuka kwenye majani akanipisha, mtu mzima anampisha mtoto, nami nilipita nikiwa nimejikunyata kama nimebeba kitu kinachonuka.

Kwa miaka nilimsubiri Mama aje kusema. Alikuja mara chache, na Hamisi akiwa anakua, na zawadi kutoka dukani, na kila mara nilikaa karibu yake nikidhani ni leo. Alinisuka nywele. Alinisifu nimerefuka. Jua likishuka kidogo aliangalia maji, akasema yanajaa, akaondoka.

Nilipovunja ungo niliwekwa ndani kama wasichana wote, na siku ya kutolewa Bibi alinipeleka uani kuniogesha. Maji yalikuwa kwenye ndoo ya plastiki. Nje ya ua nilisikia wanawake wakiimba, na mmoja akasema bila kushusha sauti kwamba sasa naye ataona utamu wa kuoga ndoo. Nikaanza kulia. Bibi alikuwa akinisugua mgongo kwa dodoki. Akaacha.

"Hukulivunja," alisema.

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Nilipokishika kile kigae nilijua. Kingo zake zilikuwa zimesagika. Kitu kilichovunjika juzi hukata mkono."

Niligeuka nimtazame. Maji yalikuwa yakinitiririka machoni na kumuona ilikuwa shida.

"Kwa nini basi, Bibi?"

"Mama yako alikuwa na mtoto mchanga," Bibi alisema. "Ameshafiwa na mume mmoja. Ningesema, angerudi nyumbani siku ile ile, na talaka mkononi, na yule mtoto angebaki kwa babake. Wewe nilijua utaweza."

"Na hawa?" Nilionyesha nje ya ua.

"Hawa wangekwenda Kibiti kwa mguu kulidai. Ingekuwa hivyo hivyo."

Akachota maji, akanimwagia. Alinisugua tena, kwa upole sana, mabega, mikono, kila kidole, kama anahesabu alichobakiza. Nilimwacha anioshe. Sikuwa na pengine pa kwenda, nilikuwa uchi, na nje walikuwa wakinisubiri kwa vigelegele. Tangu utotoni nilikuwa nikiamini kwamba yuko mtu mmoja ambaye hakujua, na kwamba siku akijua atasimama. Kumbe alijua kabla hatujatoka barazani. Bibi alikufa miaka michache baadaye na hakuwa amemwambia mwingine yeyote. Nilimlilia kama mjukuu anavyomlilia bibi yake, na hasira yangu haikupata pa kukaa.

Niliolewa mbali, nikazaa, nikaogesha wanangu kwenye beseni. Bwana Nassoro aliishi sana. Alipofariki sikwenda msibani. Hamisi alinipigia simu kunieleza kwamba wale ndugu zake wa Dar es Salaam walikuja wakafungua kile chumba, na hapakuwa na kitu kilichowahi kuuzwa. Marehemu aliviweka vyote, mpaka mwisho alikuwa akiingia kukaa peke yake. Wakamwambia Mama achukue alichokuja nacho katika nyumba ile. Mama akaonyesha rafu ya katikati.

Alimaliza eda, akafungasha, akarudi kisiwani na gudulia kwenye kikapu. Nilipopata habari nilipanda basi bila kufikiri sana. Nilijiambia kwamba hawezi kulipeleka bila kusema lilikuwa wapi. Chombo chenyewe kitasema. Njia nzima nilikuwa nikipanga uso wa kuwapokelea watu wakija kuniomba radhi, na nilikuwa nimeshawasamehe wote kabla ya kufika Nyamisati.

Nilikuta wanawake wamejaa uani kwetu. Asubuhi hiyo mtoto alikuwa ameogeshwa, na gudulia lilikuwa mkekani, linakauka. Mama alikuwa amekaa pembeni akisuka ukili, amezeeka, mwili wake mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nilimwamkia, akaitikia bila kuacha kusuka. Bi Tatu, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, aliijua sauti yangu. Akanishika mkono, akanivuta mpaka mkekani.

"Njoo uone, mwanangu. Mama yako katuletea. Marehemu kahangaika na vile vigae miaka yote, mpaka kapata fundi huko mjini wa kuviunga. Pitisha kidole. Utapajua palipovunjika?"

Nikapitisha kidole. Kauri ilikuwa baridi, laini, nzima kutoka mdomoni hadi kwenye kitako. Maua yalitokea kwenye mwanga.

Nikamtazama Mama. Alikuwa amekiinamia kile kipande cha ukili.

"Sikulivunja, Bi Tatu," nilisema.

Wanawake wakacheka, bila ubaya wowote, kama watu wanavyomcheka mtoto anayekataa kwamba alikuwa amelala. Bi Tatu akanipigapiga mgongoni.

"Lo, hata leo? Yaache, mwanangu, yameisha. Ulikuwa mtoto. Na limeshaungwa."

"Mama," nikasema.

Mama aliongeza ukindu mpya kwenye msuko, akauvuta mpaka ukakaza.

"Mpeni chai," alisema. "Ametoka mbali."